Marahaba ya Ng'ambo ya Ua

Habari za kifo cha Mama Tumaini zilinifikia mara mbili, kwa sababu sijui mtu mwingine aliyebaki ndani ya makundi yote mawili ya simu ya kijiji cha Malindi, milimani Lushoto. Katika kundi la kwanza, ambalo watu wake tumezoea kuwaita watu wa maji, tangazo lilikuja na picha yake ya siku ya kipaimara cha mjukuu, amevaa kitenge cha kijani na miwani aliyoinunua akiwa amechelewa sana kuinunua. Chini ya picha pole zilifuatana hadi simu ikapata joto mkononi mwangu. Katika kundi la pili, la watu wa miti, mtu aliandika mstari mmoja tu: "Mama Tumaini wa pale kwenye mpeasi hatunaye tena." Hakuna aliyejibu. Baada ya muda, mtu mwingine akabandika tangazo la mbao, mwingine akauliza kama lori la Mombo limeshapita, na mazungumzo yakaendelea kana kwamba ule mstari haujaandikwa. Nilikaa kitandani na simu yangu, sina la kuandika huku wala kule. Mimi ni mwalimu wa hesabu chuoni, nina mvi zangu za kutosha, na wanafunzi hunisikiliza nikiwaeleza jinsi mawazo yanavyosafiri kati ya watu. Siku ile sikuweza kusafirisha hata neno pole kutoka kundi moja kwenda jingine. Nilipanga nguo nzito kwenye mkoba, maana baridi ya Lushoto naijua, nikaenda kuzika.

Nilikaa kwa Mama Tumaini mwaka mmoja wa ujana wangu, nikiwa natafuta shahada ya pili. Chumba alichonipa kilikuwa cha nyuma, na dirisha lake lilitazama ua wa mimea uliotenga nyumba yake na ya jirani. Chini ya kitanda aliweka viazi vya mbegu, na viazi vile vilikuwa vinachipua taratibu, hivyo nililala juu ya harufu ya udongo mwaka mzima. Kompyuta yangu niliiweka juu ya cherehani iliyokwisha kufa, na kila nilipojisahau nilikanyaga pedali, nayo ikalia kama paka. Kazi yangu niliyotumwa ilikuwa kuwauliza watu nani huongea na nani, nani humsikiliza nani, kisha kuyageuza majibu kuwa nukta na mistari, na kuona mawazo yatakwenda wapi. Watu walinivumilia. Waliniita Mwanafunzi, na jina hilo likanikaa hata kwa watoto, ambao walikuwa wakiniambia "shikamoo Mwanafunzi" bila kuona kichekesho chake.

Jambo la kwanza nililolisikia kila siku, kabla hata ukungu haujaachia paa, lilikuwa sauti kutoka ng'ambo ya ua. "Shikamoo dada." Hapo Mama Tumaini, ambaye alikuwa jikoni anapuliza moto, aliacha kupuliza. "Marahaba mdogo wangu. Mmeamkaje huko?" "Tumeamka, ila baridi hii haina adabu." Huyo alikuwa Mama Hadija. Hawakuwa ndugu. Mmoja alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, mwingine alikuwa akiwafundisha mabinti Kurani barazani kwake, lakini walikuwa wameolewa katika mtaa ule wakifuatana, na tangu hapo aliyetangulia akawa dada na aliyefuata akawa mdogo. Wenyewe walikuwa wakiitana mbuya, yaani rafiki kwa Kisambaa, pale tu walipokuwa wanataniana. Kwa ukungu ule hawakuonana. Ilikuwa sauti tu, na baada ya sauti ndipo mambo mengine yalipita: chumvi, kaa la moto, habari ya mgonjwa, nani leo aanzwe kupaliliwa shamba. Mdogo huanza, mkubwa huitikia. Kule milimani hakuna anayelichezea hilo. Mkubwa akianza kuamkia, amejishusha na kumwaibisha mwenzake pamoja. Nililijua, kila Mtanzania analijua, lakini sikuwahi kufikiri kwamba neno dogo vile linaweza kuwa mlango wenye komeo upande mmoja tu.

Mama Tumaini alipenda kuja chumbani kwangu na ungo wa maharage, akakaa kwenye kiti cha chini akachagua huku anatazama kioo cha kompyuta. Nilimweleza kwamba kila nukta ni mtu, na rangi yake ni wazo lake juu ya jambo fulani. Mtu akisikia wazo lililo karibu na lake, husogea kidogo kulielekea. Wazo likiwa mbali mno, halimgusi. Nikabonyeza, nukta zikaanza kubadilika rangi polepole, na baada ya muda zikawa zimejikusanya mafungu mawili, bluu huku, nyekundu kule, na katikati pakabaki peupe. "Sasa hawa wawili," akauliza akinyooshea ukucha wenye masizi, "wamekaa pua kwa pua, mbona hawasikilizani?" Nikamwambia mawazo yao yamepishana sana, kanuni niliyoiweka inasema wasisikilizane. "Hata wakisalimiana?" Nikamwambia salamu sikuiweka. Alicheka hadi maharage mengine yakamwagika. "Basi hao si Wasambaa, mwanangu. Hao watu wa wapi?" Jioni ile alimhadithia Mama Hadija juu ya ua, na Mama Hadija naye akacheka, na nilipotoka kuchota maji akaniuliza kama nukta zangu zimeshaamkiana.

Mwaka huo mvua ilichelewa, na chemchemi ya mtaa ikapungua. Karoti na kabichi za bondeni zilitegemea mfereji uliotoka kwenye chemchemi hiyo, na Mama Tumaini alikuwa na majaruba yake huko. Juu ya chemchemi ilisimama mikaratusi, mirefu, mizuri kwa kweli, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya Mzee Rajabu, mume wa Mama Hadija. Wa bondeni walisema mikaratusi inakunywa maji yao. Wa juu walisema mvua haijanyesha, mti umekosa nini, na kwamba ile miti ndiyo paa la nyumba na ndiyo shule ya watoto. Kila upande ulikuwa na jambo la kweli mkononi. Zamani, nadhani, wangebishania kisimani, kwenye mlango wa duka, kwenye msiba, na wangebishana wakiwa wamechanganyikana hadi wachoke. Lakini ulikuwa ndio mwaka simu za kugusa zilipojaa mtaani, na kulikuwa na kundi moja la kijiji ambamo watu walitumiana salamu za Krismasi na za Idi kwa picha za maua zile zile. Ubishi ukahamia humo. Siku moja, nikiwa nakula makande, nikaona majina yanaondoka moja baada ya jingine kwenye kundi hilo, na kabla sijamaliza sahani nikawa nimeingizwa katika kundi jipya. Wenye miti walikuwa wamehama. Mimi walinichukua kwa sababu Mwanafunzi ni wa wote, na kule nilikotoka hawakunitoa kwa sababu hiyo hiyo. Wageni waliopita waliuliza kama ni mambo ya dini. Hayakuwa ya dini. Mzee wa kanisa alikuwa na mikaratusi, na mwadhini alilima kabichi.

Nilifurahi, nisidanganye. Nilipiga simu chuoni, msimamizi wangu akaniambia nina bahati ambayo watafiti huisubiri maisha yao yote. "Wewe tazama tu," akasema. "Usiingilie." Nikatazama. Nilichokiona kilikuwa kama kile cha kwenye kioo, isipokuwa kilikuwa kinakohoa na kuota moto nami. Katika kundi la maji, mtu akisema miti ipunguzwe, wa pili alisema ikatwe nusu, wa tatu alisema ikatwe yote, na yule wa kwanza akaona haya kwa upole wake. Katika kundi la miti walianza kwa kusema watu wa bondeni wamekosea, baada ya siku chache wakawa wanasema wametumwa. Mtu mwenye shaka hakufukuzwa. Aliandika, hakujibiwa, akaacha kuandika.

Mama Tumaini hakuwa hodari wa simu. Aliishika mbali, akaubana uso, akabonyeza kwa kidole kimoja kilichokufa ganzi kwa baridi. Asubuhi moja, baada ya kuona karoti zake zimesinyaa, aliamua kusema neno la kupatanisha. Alitaka kuandika: "Wenye mikaratusi waikate wenyewe kwa hiari, tusigombane." Alinisomea kwa sauti kabla ya kutuma, nikiwa naosha vyombo, na alivyosoma ndivyo alivyokusudia. Lakini kidole kilikuwa kimeruka herufi moja na kupachika nyingine, na alituma kipande cha kwanza kabla ya kumalizia cha pili. Kilichofika kwa watu kilikuwa hiki: "Wenye mikaratusi wakatwe." Si miti. Wenyewe. Alipogundua, alipiga kelele ndogo, akaandika tena vizuri, akaomba radhi, akaeleza habari ya macho yake. Watu wa maji wakacheka sana, wakamwambia haina neno mama, tumekuelewa.

Lakini mtu alikuwa ameshaupiga picha ule mstari. Kabla chai haijapoa niliuona katika kundi la pili, peke yake, bila maelezo yaliyoufuata, na jina la Mama Tumaini juu yake. Huko hakuna aliyecheka. Ukapelekwa kwa ndugu walioko Mombo, kwa ndugu walioko Dar es Salaam, na kutoka huko ukarudi ukiwa na maneno mapya pembeni. Aliyeuliza kama ni kweli alijibiwa na watu kumi waliousoma kwa mtu yule yule. Niliandika katika kundi la miti kwamba ni kosa la kidole, kwamba nilikuwepo. Hakuna aliyenitukana. Mmoja alijibu tu: "Mwanafunzi analala kule." Ilikuwa kweli, nilikuwa nalala kule, na baada ya hapo chochote nilichosema kilikuwa kinatoka kitandani kwa Mama Tumaini.

Kesho yake moto uliwaka, ukungu ukawa pale pale, na ng'ambo ya ua tulisikia ndoo, tukasikia kuku, tukasikia Mama Hadija akikohoa. Mama Tumaini aliacha kupuliza. Alibaki ameinamia mafiga, amegeuza uso upande wa ua. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni, sikuthubutu kutema. Ndoo ikaenda. Mlango ukafungwa. Hakuna kilichosemwa. "Labda hajaniona," akasema, na sote wawili tulijua kwamba siku zote hawakuwa wakionana. Alisubiri hivyo asubuhi nyingi. Nilimwambia kwa nini usimwite wewe, useme tu hujambo mdogo wangu. Alinitazama kwa huruma, mimi msomi wake. "Nikimwita mimi, nimekiri nilitaka wakatwe. Na yeye nimemfanya mtoto aliyesahau adabu. Aanze yeye, mwanangu. Akianza tu, mimi nitamwitikia hata kama nimelala."

Basi nilivunja agizo la msimamizi, nikazunguka ua. Barazani Mzee Rajabu alikuwa anaota jua na simu mapajani. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri, akanikaribisha kiti. Nikaeleza: waikate, wakatwe, herufi, macho yasiyo na miwani. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe," akasema. "Lakini kama ni kosa, mbona watu wote wanasema alikusudia?" Nikamwuliza watu gani. Akaniinulia simu, kana kwamba walikuwa humo ndani wamekaa. Mama Hadija alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Alipepeta mchele ambao tayari ulikuwa safi, na nilipoaga akanifungia vitumbua katika karatasi, akanitazama usoni kwa muda, akaingia ndani.

Upande wetu nako hakukuwa salama. Vijana wa bondeni waliupenda ule mstari. Wakaanza kumwita Mama Wakatwe, kwa utani, kisha kwa sifa. Alipita dukani wakampisha. Mwanzoni aliwakemea. Baadaye alikemea huku anatabasamu. Na siku mfereji ulipokauka kabisa, aliketi kwenye kile kiti cha chini chumbani kwangu, ungo mapajani, akasema taratibu bila kunitazama, "Hivi hata ningekuwa nimesema kweli, ningekuwa nimekosea sana?" Niliogopa. Nilikuwa nimekaa mbele ya mashine inayoonyesha hasa jambo lile, nukta inavyovutwa na fungu lake ikasahau ilipoanzia, na nilikuwa naliona likitokea kwa mtu aliyenipikia. Sikuwa na la kufanya. Nilimwambia, mama, wewe hukusema hivyo. Akasema, "Ndiyo, sikusema," lakini kwa sauti ya mtu anayekubali ili mazungumzo yaishe.

Nikarudi kwenye kompyuta kama wengine wanavyorudi kwenye pombe. Niliongeza mistari myembamba kati ya majirani wasiokubaliana, nikaiita salamu. Ilipokuwepo, mafungu hayakuachana kabisa, palibaki nukta za katikati zenye rangi zisizoeleweka. Nilipoiondoa, yaliachana. Hilo lilinipa matumaini, kwa hiyo nikairudisha baada ya mafungu kuachana, nikingoja yasogeleane. Hayakusogea. Nikaongeza mistari, nikabadilisha kila namba niliyoweza kuibadilisha, nikaomba Mungu mbele ya mashine, jambo ambalo halifundishwi. Bluu huku, nyekundu kule. Salamu ilizuia kuachana, haikuponya walioachana. Nilimpigia msimamizi, akasema hayo ni matokeo mazuri sana. Nilipata shahada kwa matokeo hayo. Siku naondoka Malindi, Mama Tumaini alinijazia mfuko wa mapeasi, na Mama Hadija alisimama upande wake wa ua hadi gari likaondoka. Wote wawili walinipungia mkono, kila mmoja kama vile mwenzake hayupo.

Miaka imepita, na mikaratusi ile ilishakatwa, si kwa ajili ya maji bali kwa sababu ilikomaa ikauzwa. Mvua zilirudi, zikapungua tena, zikarudi. Kilichogombaniwa hakipo. Makundi yapo. Nilifika msibani nikakuta wanawake wanamenya viazi uani, na mazungumzo ni yale ya misiba yote, nani amekonda, nani hajaja. Kaburi lilichimbwa chini ya mpeasi. Nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, mtu aliniita kwa sauti ya chini kutoka ng'ambo ya ua. "Mwanafunzi." Nilimtambua kabla sijamwona. Nikamwamkia, akaitikia. Alikuwa amezeeka, amejitanda kanga mbili, na alikuwa amesimama pale muda mrefu, nadhani, kwa sababu miguu yake ilikuwa na umande.

"Mama, naomba uniamini leo," nikasema, maana nilihisi nimepewa nafasi ya mwisho ambayo haina kazi tena. "Alitaka kuandika waikate. Nilikuwepo."

"Najua," akasema Mama Hadija.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile niliyoiona. Nani asiyejua dada alikuwa hana macho? Hata hukuhitaji kuja kuniambia." Alichuma jani la ua akalikunja. "Lakini nyumba nzima imenuna, mwanangu. Baba Hadija amenuna, mashemeji wamenuna, simu haizimiki. Nisimame peke yangu asubuhi nipaze sauti shikamoo, wote wanasikia? Nikasema ngoja ipoe. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Nikaanza kuona aibu ya kuchelewa. Aibu hiyo ikawa kubwa kuliko lile neno lenyewe."

Miaka yote nimefundisha kwamba watu wale hawakupata habari sahihi, kwamba ukweli uligonga ukuta ukarudi. Kumbe ulipita, uliingia jikoni, ulikaa. Sikuwahi kuweka nukta inayobadili wazo lake kimya kimya na kubaki na rangi ile ile, kwa kuziogopa zinazoizunguka. Nilitaka kukasirika, nikamtazama, nikashindwa. Nikamwambia twende, mwili unaagwa. Akasema watu wa huku watamtazamaje. Nikamwambia sijui, mama. Na kweli sikujua. Alizunguka ua kwa njia ndefu, akapita mbele, mlangoni kabisa, watu wakageuka kumtazama.

Tulipanga foleni sebuleni. Kabla hajafika mbele simu yangu ilitikisika mfukoni, nikaitazama kwa mazoea mabaya. Watu wa maji walikuwa wameandika kwamba yule naye amekuja kujionyesha. Watu wa miti walikuwa wameandika kwamba mama yetu amekwenda peke yake kwa wale watu, Mungu amlinde. Nikaizima. Mama Hadija alifika kwenye jeneza, akaushika ukingo wake kwa mikono miwili, akainama, na kwa sauti ile ile iliyokuwa ikivuka ukungu, ambayo mle ndani ilikuwa kubwa mno, akasema, "Shikamoo dada."

Hakuna mtu mle ndani aliyekuwa na haki ya kuitikia. Tumaini, binti wa marehemu, alifungua mdomo akaufunga, kwa sababu mtoto haitikii shikamoo aliyoamkiwa mama yake. Mama Hadija hakuondoka. Alibaki ameinama, ameelekeza sikio. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakasubiri pamoja naye, na hakuna aliyemwambia asogee.